Hali ya Kifaa: Kipya

"Mbele tatu. Kushoto. Mbele mbili. Simama."

Msomaji wa amri alipotamka "simama", Tembo, mwanafunzi aliyekuwa roboti siku hiyo, alikuwa ameshaligonga pipa la maji kwa goti. Alivua kitambaa alichofungwa machoni, akarukaruka kwa mguu mmoja huku darasa zima likimcheka.

"Roboti gani hii inayolia?" mmoja akamtania.

"Nyie ndio mmenituma kwenye pipa!"

"Ni kweli, roboti haina kosa," alisema mwalimu wao, ambaye shule nzima ilimwita Ticha. "Imefanya ilichoambiwa. Fungueni madaftari, mtafute mstari wenye kosa."

Hivyo ndivyo walivyofanya kila asubuhi tangu mwaka uliotangulia. Miraba ilichorwa kwa mkaa juu ya saruji, mtoto mmoja akawa roboti, wengine wakamwandikia amri. Aliyeitukana roboti alitoka nje ya mchezo. Sheria hiyo ilikuwa ya Ticha mwenyewe, naye hakuwahi kumsamehe yeyote aliyeivunja.

Roboti ya kweli ilikuwepo. Ilikaa hatua thelathini kutoka kwenye miraba hiyo, juu ya kabati la mwalimu mkuu, ndani ya sanduku lililopigwa lakiri nyekundu pande zote mbili. Ilikuja kama msaada: kigari cha manjano chenye vitufe vinne mgongoni, vya mbele, nyuma, kushoto na kulia. Mtoto huvibonyeza kwa mpangilio anaoutaka, kisha hubonyeza cha tano, cha katikati, nacho kigari huufuata mpangilio huo. Ticha aliruhusiwa jambo moja tu, kutoa nakala ya kijitabu cha maelezo. Kwa picha za nakala hiyo, zilizotoka nyeusi kama masizi, watoto wa darasa la saba walikuwa wamejaza madaftari kwa programu ambazo hazijawahi kuendesha kitu chochote. Zilibaki wiki tatu wamalize shule.

Leo mkaguzi angekuja, na lakiri ingevunjwa mbele yake. Katika mkoba wa Ticha mlikuwa na barua ya aya mbili, iliyoomba sanduku lisifungwe tena. Chini ya barua mlikuwa na betri nne.

Betri hizo alizinunua alfajiri.

"Juzi ulinitajia bei nyingine," alimwambia muuza duka.

"Juzi ilikuwa juzi, mwalimu. Hata mimi naamka naogopa kuuliza bei ya mzigo wangu."

"Nipunguzie. Ni za watoto."

"Watoto wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi igawe kwa arobaini na mmoja. Si utaona nimekupa bure?"

Ticha hakucheka. Aliirudisha rafuni sabuni aliyokusudia kununua, akalipia betri.

Saa mbili na nusu alibisha hodi kwa mwalimu mkuu. Mzee huyo alikuwa amevaa tai, na mbele yake palikuwa na mshumaa, kiberiti na kipande cha lakiri mpya.

"Mkuu, tulifungue mapema. Nijaribu betri kabla hajafika."

"Halifunguliwi bila mkaguzi."

"Kijitabu kinaonya betri zisikae ndani kwa muda mrefu. Zimekaa mwaka mzima."

"Orodha inasema betri nne, ndani ya kifaa. Nilizipokea zikiwa ndani, nitazikabidhi zikiwa ndani." Akashusha sauti. "Mwalimu, wewe hukuwepo wakati wa ile saa ya ukutani."

Hakuwepo, lakini kisa alikijua, kwa maana kila mgeni wa shule husimuliwa. Saa iliibwa ofisini, na mzee akakatwa mshahara miezi saba. Tangu hapo hata chaki aliigawa kwa kuhesabu, na alama ya duara jeupe ukutani hakuruhusu ipakwe rangi.

Mkaguzi aliahidi saa tatu. Saa nne Ticha alitoka kuchungulia barabara. Saa tano akatoka tena. Alijaribu kufundisha hesabu za sehemu, akafuta ubao, akaandika upya mfano uleule. Kila gari lilipopita nje, vichwa arobaini na kimoja viligeuka. Mezani palisimama roboti yao ya kujitengenezea: kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu ya soli za kandambili, mota mbili kutoka kwenye redio kaseti iliyokufa, na bodi ndogo ya umeme, ya kijani, ya redio hiyohiyo, ambayo haikuwa na kazi yoyote ila kulipendezesha kopo. Ndani mlikuwa na kisanduku cha kuwekea betri kilichotoka kwenye tochi, kitupu. Kopo lilijua kutembea moja kwa moja tu, tena likisukumwa.

"Ticha, hivi huyu mkaguzi anakuja kwa amri za nani?" aliuliza Bisibisi, msichana aliyeitwa hivyo kwa sababu bisibisi haikutoka nyuma ya sikio lake. "Mtu aangalie mstari wake wa kwanza. Labda waliandika nyuma tatu."

Mkaguzi aliingia saa saba na robo, akifuta jasho na kutazama simu. Mwalimu mkuu alivunja lakiri taratibu, akatoa kigari kilichofungwa plastiki, akakiweka mezani kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Watoto walisimama wote bila kuambiwa. Ticha alifungua kifuniko cha chini.

Betri zilikuwa zimevuja. Ukoko mweupe wenye ukijani ulikuwa umetambaa mpaka kwenye vyuma vya kushikia betri, navyo vimelika. Ticha alibonyeza kitufe cha katikati, akabonyeza tena. Hapakuwa na taa wala mlio. Nyuma ya darasa mtoto mmoja alikaa chini, kisha wote wakakaa.

Mwalimu mkuu alishika ukingo wa meza. "Nilizipokea zikiwa ndani," alisema polepole.

"Tatizo liko wapi?" Mkaguzi alikwisha kufungua fomu yake. "Kifaa kipo. Plastiki yake bado ipo. Hali ya kifaa... kipya."

"Hakiwaki, mheshimiwa," alisema Ticha.

"Fomu hainiulizi kama kinawaka, mwalimu. Mimi naona kifaa hakina hata mkwaruzo."

"Hakina mkwaruzo kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kukigusa."

"Ndiyo utunzaji huo. Kuna shule nimekuta wamebakiza gurudumu moja."

Ticha alimpa barua. Mkaguzi aliisoma akiwa amesimama, akamrudishia.

"Imeandikwa vizuri sana. Ila ruhusa ya kutumia hupewa shule yenye taarifa ya matumizi."

"Na taarifa ya matumizi tutaiandikaje kabla ya ruhusa?"

"Ulizeni kwa barua."

"Hii ndiyo barua, mheshimiwa."

"Haina muhuri." Tayari alikuwa anapanga watoto kwa ajili ya picha. "Ninyi wadogo mbele. Wekeni mikono karibu, msibonyeze kitu. Tabasamu! Hilo kopo litoeni, linachafua picha."

Bisibisi alilichukua kopo, akaliweka chini ya dawati lake. Katika picha hiyo hakutabasamu.

Mkaguzi alikaa dakika kumi na mbili kwa jumla. Mlangoni alisema, "Safisheni ukoko huo, kila kitu kirudi kilivyokuwa, mpige lakiri. Atakayenifuata asikute pungufu."

"Na betri zilizovuja?" Ticha aliuliza.

"Orodha inasema ngapi?"

"Nne."

"Basi nne."

Mwalimu mkuu alimsindikiza hadi kwenye gari. Ticha alimkabidhi Bisibisi mswaki mkavu na kigari, akawageukia wengine kusahihisha madaftari. Alisahihisha matatu. Alipoinua macho, ganda la manjano lilikuwa limefunguliwa, na kopo limerudi juu ya dawati, nalo liko wazi. Mikono ya msichana ilikwenda haraka. Kilichokuwa ndani ya kigari, ambacho ukoko haukukifikia, kilikuwa kinahamia kwenye kopo. Kilichokuwa ndani ya kopo kilikuwa kinahamia kwenye kigari.

Walitazamana. Katika miaka kumi na tisa ya kazi, Ticha hakuwahi kumwekea alama ya kuhudhuria mtoto asiyekuwepo. Aliweka kalamu chini. Halafu akafungua mkoba, akazitoa betri nne, akaziweka pembeni mwa dawati, na kwenda kusimama mlangoni.

Mwalimu mkuu alirudi akiwa amelegeza tai. Aliwasha mshumaa. "Nisomee orodha, mwalimu. Mimi naweka vema."

"Ganda, moja."

"Lipo."

"Magurudumu, mawili."

"Yapo."

"Mota, mbili."

Mzee alichungulia ndani. Mota zilikuwa mbili. "Zipo."

"Bodi ya umeme, moja."

Safari hii mzee alichungulia kwa muda mrefu zaidi. Tone la lakiri lilidondoka mezani. "Ni ya kijani," alisema.

"Ndiyo, Mkuu. Ni ya kijani."

"Ipo."

"Betri, nne."

Betri zilizovuja zilirudi ndani, zikafunikwa. Lakiri ikapigwa pande zote mbili.

Kengele ya kutoka ililia, lakini darasa la saba halikwenda nyumbani. Walilizunguka kopo kwenye miraba ya mkaa. Bisibisi alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari lake, wenye tarehe ya mwaka uliopita, akabonyeza amri moja baada ya nyingine, kisha kitufe cha katikati.

Kopo lilinguruma. Lilikwenda mbele mraba mmoja, wa pili, wa tatu. Hapo lilitakiwa kugeuka kushoto. Likageuka kulia, likaligonga pipa la maji.

Hakuna aliyecheka. Madaftari yalifunguka kwa mkupuo. Bisibisi alishalipindua kopo, anafuata nyaya kwa ncha ya bisibisi.

"Programu yangu iko sawa," alinong'ona. "Nimeunganisha kinyume."

Kivuli kiliangukia miraba. Mwalimu mkuu alisimama hapo, funguo za ofisi mkononi. Alilitazama kopo, akatazama vitufe vya ile bodi vilivyochungulia kwenye tundu lililokatwa juu yake.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

Watoto walimtazama Ticha. Ticha alifungua kinywa, lakini Tembo alimtangulia.

"Kopo, Mwalimu Mkuu."

Mzee alizungusha funguo kidoleni, mara moja, mara mbili.

"Makopo hayamo kwenye orodha yangu," alisema. Lakini hakuondoka. Alisogeza mguu ulioukanyaga mstari wa mkaa, akamwambia Bisibisi, "Haya, endelea. Kushoto ni wapi?"