Kimkono cha Nyuma

Gildo Dalla Costa alikuwa na ghorofa ya juu iliyokaa tupu na binti mmoja mwenye mchumba. Pale Schio, mji mdogo wa Italia, wazazi hukaa chini, watoto wakioa au kuolewa hukaa juu, na harufu ya mchuzi ndiyo hupanda ngazi kuwaita. Lakini Gildo alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minane katika kiwanda cha gia za baiskeli, na alikuwa na sharti: hakuna mtu atakayelala juu ya kichwa chake ilhali baiskeli yake ni ya vipuri vya kuchanganya.

“Fremu paka rangi yoyote,” alimwambia Elvio Marangon, yule mchumba. “Ila gia ziwe za kiwanda chetu zote, toka kishikio mpaka spoketi ya mwisho. Jumapili ya saba kuanzia leo tunapanda mlima. Nitasikiliza.”

Elvio alikuwa mpima ardhi. Alikusanya kila kitu isipokuwa kimkono kile cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka spoketi moja hadi nyingine. Alikisaka wiki sita. Siku nne kabla ya Jumapili hiyo muuza vipuri alimletea cha Kijapani, akamkabidhi kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Elvio hakulalamika, alipima. Kishikio cha kubadilishia gia kilivuta waya milimita 2.8 kwa kila mbofyo. Kimkono cha Kijapani kilizidisha mvuto huo mara 1.7, kikasogea milimita 4.76. Spoketi zilikuwa zimeachana milimita 4.15. Kwa maneno mengine, kila mara cheni ingepita mlango wake na kugonga wa jirani. Alipojaribu, ilitoa mlio wa kabati la vyombo likiporomoka ngazini. Basi akabana waya upande wa pili wa skrubu. Mzidisho ukashuka hadi 1.5, mwendo ukawa 4.2. Gia zote kumi zikapanda na kushuka kimya.

“Nitamweleza baba yako,” alimwambia Mirka. “Nimeandika hesabu yote kwenye karatasi.”

“Baba ukimpa karatasi anafutia cheni,” Mirka alisema, akazungushia jina la Kijapani utepe mweusi. “Wewe endesha, nyamaza.”

Jumapili Gildo alipanda mlima kwa baiskeli yake, nyuma ya Elvio, shingo imenyooka, jicho moja amelifumba. Kona ya tano akacheka peke yake. Walipofika juu, kwenye baa ya Pian delle Fugazze, alimwita Bepi Zanella, aliyekuwa mwenzake kazini.

“Bepi, njoo uone chuma! Kimkono hiki nimekikaza mimi. Mwaka tisini na saba, meza ya nne. Nimekijua kwa sauti, kama kikohozi cha mama yangu.”

“Wewe? Hata kengele ya kanisa huisikii.”

“Naisikia. Nampuuza padre tu.”

“Onyesha alama ya kiwanda basi, mzee wa masikio.”

Gildo aliinama, akabandua utepe. Akabaki ameinama. Elvio alihesabu sekunde saba.

“Mzee,” Elvio alianza, akipapasa karatasi mfukoni, “milimita mbili nukta—”

Kiatu cha Gildo, chenye kipande cha chuma kwenye soli, kikatua juu ya vidole vya mguu wa Elvio.

“Imefutika,” Gildo alisema. Akavua kofia, akakifunika kimkono.

“Umevua kofia?” Bepi akashangaa. “Kwenye harusi yako hukuivua!”

“Joto.”

Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi kumi na moja.

“Nifunulie nione mwenyewe.”

“Chuma kimetoka jasho, Bepi. Kikipigwa na upepo kitapata baridi.”

Polenta, ugali wa huko, ilipoletwa, Gildo aliila amesimama, mgongo kwenye baiskeli, na kila Bepi alipozunguka kushoto naye alizunguka kushoto. Bepi alipokwenda msalani hatimaye, Elvio alisema, “Sikutaka kukudanganya, mzee.”

“Nani kadanganywa? Mimi nilisema sauti ni nzuri. Si nzuri?”

“Ni nzuri.”

“Waya umebana upande gani?”

“Wa pili. Inatoka moja nukta tano.”

Midomo ya Gildo ilitembea kidogo. Alikuwa anazidisha.

“Umemwambia nani?”

“Mirka tu.”

“Basi mtahamia juu kesho.”

“Kesho? Harusi ni Septemba.”

“Kesho, mpima viwanja! Bepi huwa anakuja kwangu Jumanne, na stoo ya baiskeli anaingia bila hodi. Ghorofani hapandi, ana magoti mabovu.” Akarudishia utepe, akaukandamiza kwa kidole gumba. “Na baiskeli hii itakaa chumbani kwenu. Upande wa kimkono uelekee ukuta.”