Mlango wa Mbele wa Kina Tiedeman

Haya, sogea nikutegee. Nyumba inaungua, wazima moto ndio walioiwasha, na majirani wamekuja na viti vyao kutazama. Ni nini? Fikiri kwanza. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimekwenda, nimekula nikashiba, nimerudi: ni nyumba ya kina Tiedeman, Jumamosi asubuhi, mahindi yameshavunwa na mashamba ni meupe hadi upeo wa macho.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mkulima akichoka na nyumba ya kale, huwapa zimamoto wa kujitolea, nao ni wakulima wenzake, wajifunzie. Huwasha nyasi kavu chumba kimoja, huzima, huwasha kingine, mpaka wamalize mazoezi. Kisha huiacha iende zake. Na wenye nyumba hupika, maana wageni hawaachwi na njaa.

Kwa hiyo Ardis Tiedeman, bibi aliyekaribia miaka themanini, aliamka mapema akaoka viazi kwa jibini na pai za tufaha, awalishe watu wanaokuja kuchoma nyumba alimozaliwa.

Hakuolewa. Alibaki akamuuguza mama yao katika kile chumba kidogo cha kando ya jiko. Asubuhi ya mwisho mama alimtaka Delmar, mwanawe wa kiume, peke yake, na Ardis akatumwa bandani kuokota mayai. Aliporudi, Delmar alikuwa barazani, kofia mkononi, na mama hakusema tena.

"Mama amekwambia nini juu ya nyumba?" Ardis aliuliza, kikapu bado mkononi.

"Alikuwa anaweweseka tu, dada."

Swali hilo alilirudia matangani, akalirudia kila Krismasi, na kila mara Delmar alikuwa na la kusema kuhusu mvua au trekta. Shamba lilimwendea yeye, kama kawaida. Nani kwetu amewahi kuuliza kwa nini ardhi ni ya mtoto wa kiume? Binti hupewa vyombo na mablanketi ya viraka. Kisha Delmar akasema paa limeoza, dada ataangukiwa. Ardis akahamia mjini, kwenye vyumba vya wazee, na sahani za mama zikakaa kwenye makasha chini ya kitanda kwa kukosa kabati.

Nyumba ikabaki tupu. Wakaja akina mama wa kamati ya historia ya wilaya, wakapiga picha ngazi za mti wa jozi na vioo vya rangi, wakasema iwekwe katika nyumba za kuhifadhiwa. Delmar aliwajibu kuwa trekta lake halijui historia, linajua kwenda moja kwa moja, si kuzunguka nyumba. Banda kubwa la ng'ombe lilikuwa limeshabomolewa, mbao zake zikapambe mkahawa huko Chicago. Watu wa mjini wanakula nyama yao wakisifia ukuta ambao ng'ombe wetu walijikunia matako.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mlango wa mbele ambao haukufunguliwa ovyo. Ulitoa maharusi na majeneza, basi. Wengine wote walipita jikoni. Ardis hakuwa ameupita maisha yake yote. Asubuhi ile aliukuta wazi, umezuiwa kwa tofali, na Wendell, mkubwa wa zimamoto, anapanda ngazi na nyasi begani.

"Wendell," alimwita, maana Ardis ndiye aliyemfundisha Biblia kijana huyo utotoni mwake, "futa buti."

Wenzake wakacheka. Wendell hakucheka. Alifuta buti kwenye ukingo wa ngazi, akaingia kuwasha moto.

Walifanya mazoezi mpaka jua likapanda. Kisha wakatoka, wakaiacha. Moto ukashika ngazi, ukapanda juu ukinguruma, vioo vya rangi vikapasuka kimoja kimoja. Majirani walisogeza viti nyuma kwa joto. Mmoja alisifu pai.

Delmar alikuja akaketi karibu na dada yake, sahani ya viazi magotini. Naye alikuwa amezeeka. Alikula polepole, macho kwenye moto, na Ardis akamtazama akitafuna.

"Delmar. Mama alikwambia nini?"

Paa likainama katikati, likaangukia ndani, cheche zikaruka juu ya shamba lililovunwa, na watu wakapiga makofi kama wafanyavyo siku zote. Delmar akaweka sahani chini kwenye majani. Akafuta mdomo.

"Alisema nyumba ni yako, dada. Nyumba, na kisima, na njia ya kutokea barabarani. Alinishika mkono akaniapisha, nami nikaapa."