Keremkerem wa Nyumba Namba Saba

Jumamosi ya kwanza ya Novemba 1974, saa tatu asubuhi, Bi Mwanaheri alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi uani kwake Mbagala, lori lilipokuja kuegesha pale anapoanikia nguo.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na ukingo wa mchanga, na katika ukingo matundu arobaini na moja. Yalikuwa ya keremkerem, ndege wa kijani wenye koo la rangi ya kutu, ambao kila vuli huchimba matundu marefu kama mkono wa mtu na kutaga humo. Hula nyuki, ambao huwagonga kwanza kwenye tawi mpaka mwiba utoke, ndipo huwameza. Bi Mwanaheri aliwajua tangu hajavunja ungo, na kitovu chake kilizikwa uani mlemle.

Aliyeshuka kwenye lori ni Ndugu Theonest, afisa kutoka mjini. Mchanga ulitakiwa kwa majengo mapya, na karatasi aliyopewa iliuliza kama mahali pale pana kiumbe anayeelekea kwisha.

"Hawa ndege wanaitwaje, mama?"

"Keremkerem."

Theonest alifungua kitabu kilichokuwa mkobani. "Hawa wapo wengi nchini. Hawana shida."

"Huko kwingine sijafika mie. Hawa ni wa hapa, na mle ndani mna makinda."

Theonest akaandika: wapo wengi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi haikuacha nafasi ya makinda.

Ukingo ulichimbwa siku nne. Siku ya tano mchanga wote ulikuwa umekwenda, matundu yakabaki. Yalikaa palepale hewani, kila moja kwenye kimo chake, na keremkerem wakaendelea kuingia na nyuki mdomoni na kutoka bila nyuki. Wachimbaji walikaa chini yake wakala mihogo. Dereva wa lori alizoea kupita pembeni, maana siku ya kwanza tundu moja lilimvunjia kioo.

Balozi wa nyumba kumi, Kasiani, mchonga vinyago kutoka Newala, alikuja na daftari lake akayatazama.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri. Hawa hawana viwanja, kwa hiyo sitawaandika."

"Marahaba. Hawajakuomba."

Wiki iliyofuata ikaja barua. Mchanga ulio chini ya nyumba ya Bi Mwanaheri ulikuwa umepimwa, ukaonekana mzuri kuliko ule wa kwanza. Yeye atapewa sehemu katika kijiji kipya, mbele ya Chamazi, penye vichaka na kisima ambacho kilikuwa bado kwenye mpango.

"Mwenye nguvu mpishe, mama," Theonest alimshauri. "Isitoshe uko peke yako. Wajane wapo wengi."

"Kumbe na mie umeshaniandika kama ulivyowaandika wale. Simpishi mtu. Chimbeni."

Alikasirika, na haki alikuwa nayo. Alifagia chumba, akajaza mtungi, akaingiza mbuzi ndani, akakaa na kuanza kukuna. Wakashusha makuti, wakang'oa nguzo, wakachimba kwenda chini pima mbili. Yeye hakuinua uso. Jioni nyumba haikuwapo wala kiwanja hakikuwapo, na Bi Mwanaheri alikuwa kwenye kimo kilekile, chumbani mwake mwenye sakafu isiyoonekana, mtungi kushoto, kitanda kulia. Chembe za nazi zilimwangukia mchimbaji mmoja begani. Akazipangusa.

Jirani yake, Yustina, alileta ngazi akaiegemeza.

"Jirani, chumvi unayo?"

"Ninayo. Niletee kiberiti."

Lilibaki jambo la dole gumba. Kazi isingeandikwa kwamba imekwisha mpaka mwenye nyumba atie dole kukubali kuwa mahali pale hapana mtu. Theonest alipanda ngazi, kidau cha wino mkononi.

"Nisomee," alisema Bi Mwanaheri. "Mie sikwenda shule."

"Hakuna mtu anayeishi hapa."

"Na hapo unamsomea nani?"

Keremkerem mmoja alipita kati yao, akaingia tunduni. Kisha afisa akashuka ngazi, akapaka wino dole gumba lake mwenyewe, akaligandamiza kwenye karatasi. Malori yakahamia kwa Yustina.

Jumamosi iliyofuata Kasiani alisimama kando ya shimo kuita nyumba zake kumi kwa kazi ya kujitolea. Aliandikiwa aifute namba saba, hakuifuta. Sababu moja ni kwamba balozi wa nyumba tisa si balozi tena. Sababu ya pili ni kwamba aliona haya, na hiyo hakumwambia mtu. Aliita moja mpaka sita, wakaitika.

"Namba saba."

"Nipo," alijibu Bi Mwanaheri kutoka juu.

Kasiani akatia alama. Uani kwa Yustina makuti yalikuwa yanaporomoka na majembe yameshafika kwenye msingi. Ndani palikuwa pamefagiwa, na mtungi ulijaa hadi shingoni.

"Namba nane."

"Nipo," alisema Yustina, na hakuacha kukuna nazi.