Nafasi ya Dramu

Wimbo wake wa kwanza bila bendi, Kawira aliurekodi katika stoo ya mizigo mtaani Xiaobei, hapa Guangzhou, Uchina, akiwa amejibanza katikati ya marobota ya jinzi kwa sababu yanameza kelele. Stoo ilikuwa ya Erastus, aliyempigia dramu kule Nairobi hadi bendi yao ya roki ilipovunjika kwa kutukanana jukwaani. Siku hizi walizungumza habari za kilo na kontena za mizigo tu, tena kwa kununa.

Asubuhi wimbo ulipotoka mtandaoni, Kawira alimwekea simu sikioni bila hata salamu.

"Skiza. Na usiniambie eti ni mzuri."

Erastus aliacha kufunga robota, akasikiliza. Gitaa na sauti ya Kawira, basi. Kabla ya kiitikio cha mwisho kila kitu kilinyamaza, pale pale ambapo zamani dramu zake zilikuwa zikiingia. Kawira hakuwa amepaziba.

Viganja vya Erastus vikalipiga robota vyenyewe, nyuma kidogo ya mdundo, na sauti ya Kawira ikarudi simuni.

"Bado unachelewa," Kawira alisema, akaurudisha wimbo mwanzo.