Fisi Aliyeingia Loresho

Milcah alikuwa mpelelezi wa siri wa serikali, na akitaka, alikuwa fisi. Jambo hilo alilirithi kwa nyanyake kama wengine wanavyorithi mwanya. Katika ofisi yao ya katikati ya jiji waliolijua walikuwa wawili tu: Hannah, mkurugenzi, na Muigai, msimamizi wa Milcah. Muigai hakuchoka kumkumbusha kwamba ni mnyama.

"Wewe, usikae kwa sofa yangu," angesema, ameziba pua. "Utaacha manyoya."

Milcah alimtazama kama mtu anavyomtazama inzi aliyetumbukia kwenye chai.

Miezi mitatu sasa, majina ya wapelelezi yalikuwa yakivuja. Wawili walishapotea. Hannah akamwita Milcah peke yake.

"Jasusi wa kigeni amepanga nyumba mtaani Loresho. Alasiri hii anapokea mgeni. Nataka kujua ni nani. Usimwambie mtu, hata Muigai."

Saa tisa Milcah alivua nguo kichakani kando ya mto, akazikunja vizuri, akajigeuza fisi. Alipopenya ua wa michongoma wa nyumba ile, harufu ilimfikia kabla ya sauti: manukato makali ambayo Muigai alijimwagia kila asubuhi kana kwamba anazima moto.

Muigai alikuwa bustanini, akimkabidhi yule jasusi bahasha. "Hawa ndio waliobaki," alisema. "Huyu wa mwisho ni mnyama tu. Mkimmaliza, hakuna atakayelia."

Milcah hakuhisi hasira, alihisi kinyaa. Akajitokeza taratibu. Jasusi aliiangusha bahasha, akarukia gari lake, akaondoka bila kuaga. Muigai alipanda meza ya plastiki, suruali ikalowa.

"Milcah, dada yangu, tuongee! Niko na watoto!"

Jana hakuwa dada. Meno ya Milcah yalikuwa shubiri moja tu kutoka pajani mwake. Akamnusa, akapiga chafya, akaiokota bahasha na kwenda zake.

Saa kumi na moja aliiweka mezani kwa Hannah, imetobolewa na meno. Jioni ileile Muigai alikamatwa Kinoo, amejifungia kwenye choo cha baa.

"Ulimwacha mzima. Kwa nini?" Hannah alikuwa amemuuliza alipoipokea bahasha.

"Ningepiga mswaki wiki nzima, madam."

Hannah hakucheka. Aliifungua bahasha, akaitoa orodha ya wapelelezi na kuanza kupiga simu, jina baada ya jina, akiwaambia wahame leo hii. Milcah akavuta kiti, akachukua nusu ya orodha.