Mataulo Arobaini na Moja

Watu wa mji huu wa Gabrovo wana mkono wa birika, na wenyewe wanajisifia. Mimi nilizaliwa Kazanlak, ng'ambo ya mlima, nikaolewa huku, kwa hiyo nina haki ya kuwasema. Mama mkwe wangu, Bibi Velika, ana miaka themanini na minne na hajawahi kununua hata sindano bila kwanza kuuliza bei maduka matatu. Ndiyo maana aliposema anataka kwenda Edirne, upande wa Waturuki, kwa basi la soko la Ijumaa, nilimshika paji la uso nione kama ana homa.

"Ukafanye nini huko, Mama?"

"Nikanunue mataulo."

"Kabati limejaa mataulo."

"Hayo ya kuogea. Mimi nataka ya msiba wangu. Au unataka nizikwe kama Penka, bibi harusi?"

Miaka ishirini na mbili ananiita bibi harusi. Kwetu ndivyo mke wa mwana anavyoitwa, hata akiota mvi. Na Penka alikuwa jirani yetu, tuliyemzika Machi. Kila aliyekuja kumsindikiza alipewa taulo, kama ilivyo desturi, lakini wanawe walinunua yale ya nailoni yasiyokausha hata ukucha. Mvua ilinyesha makaburini, watu wakajifuta nyuso, wakabaki wameloa vilevile. Mtaa mzima ulicheka hadi Pasaka. Bibi Velika hakucheka. Siku hiyohiyo alianza kuweka pesa.

Ningecheka mimi, ila jambo hilo lilinigusa pabaya. Mume wangu Dimo, mwanawe, alifariki miaka minne iliyopita. Hatukujaliwa mtoto. Tumebaki wawili, wajane wawili chini ya paa moja, tukigombania dirisha lipi lifunguliwe. Wifi yangu Stefka anaishi Varna, pwani, na mwaka jana nilimsikia kwenye simu akimwambia mama yake, "Zlatina bado ana nguvu zake, siku moja atarudi kwao." Bibi Velika alijibu "Mhh," akakata simu. Mhh hiyo imekaa kooni mwangu mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyeniambia nikae.

Basi tukapanda basi, alfajiri moja ya Juni. Bibi Velika alikuwa na kitambaa chenye mafundo mawili: fundo kubwa pesa za mataulo, leva mia tatu, fundo dogo leva ishirini za chakula na choo. Nyuma yetu wanawake wa kiwandani walikuwa wakipanga watakachonunua: sabuni zilizofinyangwa mithili ya matunda, mifagio midogo ya pambo yenye kioo, shuka za watoto.

"Na wewe Bibi Velika, utawaletea nini wa nyumbani?" akauliza mmoja.

"Nyie mnanunua zawadi za kurudi," akasema. "Mimi nanunua za kuondoka."

Walicheka. Kisha Mama akanitolea karatasi za kalenda, zile za kuchana kila siku, nyuma ameandika majina kwa penseli.

"Hebu nisomee, miwani nimeiacha. Hesabu vizuri, nisije nikanunua moja la ziada."

Nikasoma. Kasisi. Wachimba kaburi wanne. Stefka na mumewe, namba sita na saba. Tarishi. Daktari wa meno, ingawa Mama mwenyewe ana meno manne tu na kwa kila moja alimtukana daktari huyo. Yumo Tsana aliyemwibia maboga ya bustanini miaka ya themanini. Nikageuza karatasi ya mwisho, nikaigeuza tena. Arobaini na moja. Jina langu halikuwemo.

"Ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Una hakika?"

"Nimesomea kuhesabu, Mama," nikasema, nikageukia dirishani.

Sikumuuliza. Nina kiburi changu, na nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele ya basi zima. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, kabla sijavua shela! Nimemwosha miguu huyu mwanamke. Nimemkorogea supu usiku na mchana alipovunjika nyonga. Tsana mwizi apewe taulo, mimi nisipewe?

Sokoni Edirne tulipita duka baada ya duka, naye akipekecha kila taulo kwa vidole, akilirudisha. Mwishowe tukafika kwa Nazmie, mama mnene aliyezaliwa upande wetu na kuhamia huko akiwa msichana, anayesema lugha yetu vizuri kuliko kasisi wetu. Mataulo yake yalifumwa kwa mkono, pamba tupu, na mashada ya pembeni yamefungwa moja moja. Bibi Velika akachovya ncha ya moja kwenye glasi ya maji aliyokuwa akinywa Nazmie, akajipangusa shavu. Hakulirudisha. Nilijua hapo amependa.

"Leva nane moja," akasema Nazmie.

"Sita. Nachukua arobaini na moja."

"Arobaini na moja? Una hoteli?"

"Nina msiba. Wangu mwenyewe."

Nazmie akaweka mkono kifuani. "Pole, dada. Lakini basi hapo umejifunga mwenyewe. Kwetu kitu cha msiba hakipigwi bei. Ni vibaya kwa marehemu."

Hilo Mgabrovo hakulitegemea. Alikuwa ametaja msiba ili ahurumiwe, na huruma ikamfungia mlango. Akapiga meza.

"Marehemu yuko wapi? Mwonyeshe! Mimi nimesimama mbele yako, nimekula mkate asubuhi, nina njaa tena. Siku nikifa usinipunguzie hata senti. Leo piga bei!"

Nazmie alicheka mpaka akakaa chini. Walivutana nusu saa, wakanywa chai mara mbili, ya Nazmie bila shaka, wakaishia saba na nusu. Zilikuwa zinapungua leva saba na nusu. Nikatoa noti ya kumi mfukoni.

"Rudisha," akasema bila kunitazama.

"Kidogo tu, Mama."

"Msiba wangu, pesa yangu. Au ndiyo unataka watu waseme nilichangiwa?"

Akalifungua fundo dogo la chakula. Mchana tukala mkate na jibini tulivyobeba kutoka nyumbani, kwenye benchi, bila kusemezana. Yeye kwa sababu alikuwa anahesabu kimoyomoyo, mimi kwa sababu nilikuwa nimenuna. Noti yangu ilirudi mfukoni, nami nikaiona dalili nyingine: hata pesa yangu si ya nyumba ile.

Jioni tukafika mpakani. Jua bado lilikuwa juu ya malori. Afisa wa forodha wa upande wetu, kijana mwenye sura ya kuchoka, akatufungulisha mizigo. Sabuni, mifagio, shuka, akasema pita. Alipofika kwenye mfuko wetu akaanza kuyatoa mataulo mezani, akihesabu, na kila alipopita kumi akawa ananitazama.

"Bibi, haya ni ya biashara."

"Ni ya msiba, mjukuu wangu."

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Bado. Subira."

Basi zima lilikuwa limebana madirishani. Bibi Velika akamsogezea karatasi za kalenda. "Kila moja lina mwenyewe. Soma. Ukimkuta mteja humo, nikamate."

Kijana akasoma. Alipofika kwa mchimba kaburi wa nne mdomo ulianza kumcheza. Akayasoma yote, kisha akanigeukia mimi, akataka kututega.

"Na wewe umefuatana naye. Jina lako?"

"Zlatina."

Akapitisha kidole juu mpaka chini. "Hapa hakuna Zlatina. Bibi, wote hawa unawapa, na huyu anayekubebea mfuko humpi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Jambo nililolificha tangu alfajiri, likasemwa na mtu wa serikali, mbele ya watu hamsini. Bibi Velika akamtazama kijana yule kama vile amemuuliza maji yanatoka wapi.

"Wewe mama yako hakukupeleka misibani? Taulo wanapewa wanaokuja. Huyu anakuja kutoka wapi? Huyu ndiye atakayesimama mlangoni kuyagawa. Umeona wapi mwenye msiba akajigawia?"

"Lakini hapa kuna binti yako, Stefka, nimemwona..."

"Stefka atakuja na basi la asubuhi, ataondoka na la jioni. Mpe taulo lake."

 Kijana akazirudisha karatasi kwa mikono miwili, akapiga muhuri, akatuambia tupite, akaongeza kwamba asingependa kumwona bibi akiyatumia mataulo hayo karibuni.

Mimi nilikuwa nimeinamia meza, nayarundika mataulo mfukoni haraka haraka, chozi likidondokea pamba, nayo ikilinyonya papo hapo. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeibeba ile "Mhh" na kuigeuzageuza, kumbe ilikuwa jibu la mtu asiyeona kama kuna swali. Nilitaka kumshika mkono. Alinipiga kofi dogo kwenye kiwiko.

"Unayakunja hovyo! Siku hiyo watu watayafungua, waone mikunjo, waseme mwanangu hakufundwa."

"Ndiyo, Mama," nikasema. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikayatoa yote arobaini na moja, nikaanza upya.