Mwenzangu Yupo

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, jua likiwa halijazama bado, basi la kanisa lilirudi na vijana wote isipokuwa binti yangu.

Nilikuwa nimesimama kwenye geti la kanisa, nimetoka karakana yangu ya useremala, vumbi la mbao lingali kwenye nyusi. Walishuka wakiimba, wamelowa kama vifaranga. Nikawatazama mmoja mmoja hadi dereva akafunga mlango. Ndipo nikamwendea kiongozi wao, yule tuliyembandika jina la Tabasamu kwa sababu hata msibani meno yake hayakujua kujificha. Nikamuuliza mwanangu yuko wapi. Akageuka kulitazama lile basi tupu, na kwa mara ya kwanza nikaiona midomo yake ikifungika.

"Mzee wangu, aliitikiwa," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wao, na walijivunia. Kila safari vijana waligawanywa wawili wawili. Wakati wa kurudi, wote hufumba macho kwa maombi, kiongozi anaita jina, na anayejibu si mwenye jina bali mwenzake: "Mwenzangu yupo." Eti ni kufundishana upendo. Mimi darasa niliacha mapema, lakini hata mchunga mbuzi huhesabu mifugo yake macho wazi.

Mwenzake binti yangu siku hiyo alikuwa binti wa mzee wa kanisa. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi, akaapa kwamba homa ilikuwa imempanda, amejifunika kanga kichwani, hakusikia jina wala hakufungua kinywa. Baba yake akamshika mkono akampeleka nyumbani, akisema tusiwatie watoto katika mambo ya watu wazima. Mchungaji naye alikuwamo safarini. Ndiye aliyehimiza waondoke upesi mvua ilipoanza, kwa kuwa alikuwa na harusi ya kufungisha jioni ileile. Nilipomtafuta anieleze, nikaambiwa yuko njiani kwenda harusini.

Neno hilo nilikuwa nalifahamu. Mke wangu alipokuwa anakata roho, hospitalini waliniambia daktari yuko njiani. Wakubwa wako njiani siku zote. Sisi ndio tunaofika.

Marehemu alikuwa ameniachia binti huyo mmoja tu. Nilimwita Mama, maana amebeba jina la mama yangu, na tangu tulipozika alikuwa amerithi hata kazi ya kunikaripia nikiingia ndani na viatu.

Usiku ule siusimulii. Asubuhi tulimkuta kwenye kibanda cha mlinzi wa msitu, karibu na maporomoko walikokuwa wametembelea, amevikwa koti la mlinzi huyo, mikono ya koti ikimfika magotini. Alikuwa mzima. Watu wa kanisa wakapiga vigelegele, mchungaji akashukuru, na Jumapili ile ushuhuda ukatolewa wa kondoo aliyepatikana. Nani alimpoteza, hakuna aliyegusia. Wana namna yao ya kufunga jambo: hulifunga kwa sala, na ukilifungua, wewe ndiye mwenye dhambi. Nikaomba kikao. Wakakaa bila mimi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wiki nzima ilipita kabla binti hajanisimulia. Siku aliyofungua kinywa alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Walikuwa wamegombana na mwenzake, nani aongoze wimbo, naye akaenda nyuma ya mawe kulia. Mvua ikashuka. Alipokimbia kurudi, milango ya basi ilikuwa imeshafungwa na maombi yanaendelea.

"Nilisikia jina langu, Baba. Nikasikia na jibu. Nikapiga kelele, wao wakasema amina."

Nikamuuliza sauti ilikuwa ya nani. Akapeta mchele, akapuliza makapi, akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye.

Miaka imepita. Tabasamu alihamishwa. Binti wa mzee wa kanisa aliolewa, na aliyemsimamia harusini ni binti yangu. Nilimtazama akimfunga mwenzake shela taratibu, nikashindwa kujua kama ndiye aliyemjibia siku ile. Mchungaji amezeeka mahali palepale. Mabenchi ya kanisa hilo nimeyatengeneza mimi, nami huketi la nyuma kabisa, si kwa unyenyekevu. Nasikiliza amina zao. Moja ni nzito, moja nyembamba, moja inawahi kabla sala haijaisha. Hiyo inayowahi ndiyo huninyima usingizi, na inatoka mbele, madhabahuni, kwa mchungaji.

Siku hizi kiongozi wa vijana ni yeye, binti yangu. Nasikia utaratibu ule ameufuta: kabla basi halijaondoka anapita kiti kwa kiti, anamgusa kila mtoto kichwani, macho wazi, na mchungaji akihimiza, anaanza kuhesabu upya.

Juzi alikuja karakana kuniagiza kidaraja cha mbao, wadogo wapate kupanda basi bila kuruka. Nikapima ubao. Akaushika upande wa pili, kama alivyokuwa akinishikia utotoni, akanikaripia kwa kuvuta vumbi bila kitambaa puani. Nikaacha msumeno.

"Mama," nikamwambia, "mimi ni mzee sasa. Sitamgombeza mtu."

Akanitazama. Ubao hakuuachia.

"Ile sauti ilikuwa ya nani?" nikamuuliza.